Masizi Yanayokula Kamshafti

Oili mpya haidumu na rangi yake ndani ya injini ya dizeli. Inamiminwa ikiwa manjano, inang'aa. Lori likizunguka siku moja tu, fundi akichomoa stiki ya kupimia anakuta weusi tii. Hapo mabishano huanza gerejini. Mmoja atasema oili ni feki. Mwingine atadai ni oili chafu iliyochujwa na kutiwa kwenye dumu jipya. Mwenye gari, ambaye ametoka kulipa fedha nyingi, atabaki akijiona ameibiwa. Upande wa pili wapo waliozoea weusi huo kiasi kwamba hawaushangai tena, na oili yao hukaa humo miezi na miezi mpaka siku ya kumwaga inatoka nzito, inavutika. Makundi yote mawili yanatazama dalili moja, na yote mawili yanaisoma vibaya.

Weusi ule ni masizi. Katika dizeli masizi hayaepukiki, maana yanatokana na namna yenyewe injini hiyo inavyowaka. Kwenye injini ya kawaida ya petroli, mafuta na hewa huchanganywa kwanza, kisha plagi hutoa cheche. Kwenye dizeli hewa hubanwa peke yake hadi inakuwa ya moto mkali, halafu nozeli inarusha mafuta katikati ya joto hilo, nayo yanajiwasha yenyewe. Kanuni hiyo haijabadilika tangu Rudolf Diesel alipoonyesha injini yake ikifanya kazi mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Matone ya mafuta hayapati muda wa kuchanganyika vizuri na hewa. Pembeni mwa mnyunyizo oksijeni inatosha. Katikati yake mafuta yamejazana na oksijeni ni haba. Mafuta ya pale katikati huungua nusunusu, na kaboni isiyopata oksijeni huungana kuwa chembe nyeusi. Ni jambo lile lile linalotokea kwenye kibatari utambi ukipandishwa kupita kiasi.

Sehemu kubwa ya chembe hizo huungua baadaye katika mzunguko uleule, joto na hewa vikikutana nazo. Zinazosalia hutoka na moshi kwenye ekzosi. Lakini kiasi kidogo hakifiki huko. Chembe ndogo zikiwa ndani ya gesi ya moto husukumwa kuelekea upande wenye ubaridi, na ubaridi ulio karibu zaidi ni ukuta wa silinda, uliopakwa utando mwembamba wa oili. Zikigusa utando huo zinanasa. Ringi zinaposhuka na pistoni hukwangua oili hiyo na kuirudisha chini kwenye beseni. Nyingine hupita na gesi inayopenya pembeni mwa ringi. Mzunguko mmoja huingiza kiasi ambacho hakuna jicho lingekiona, ila injini ya lori huzunguka zaidi ya mara elfu moja kila dakika, saa nzima, siku nzima.

Chembe moja ya masizi ina upana wa nanomita 20 hadi 50 hivi. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 70,000 hivi, kwa hiyo zaidi ya chembe elfu moja zinaweza kupangwa upande kwa upande zikaenea kwenye upana wa unywele mmoja. Filta ya oili haiwezi kuzizuia. Karatasi ya filta imetengenezwa kukamata uchafu wa mikroni 20 na zaidi, na mikroni moja tu ni nanomita 1,000. Masizi hupita humo mlango wazi.

Ndiyo sababu watengenezaji wa oili hawakutegemea filta. Walitia kwenye oili kiambato chenye molekuli ndefu, zenye upande mmoja unaopenda kushika kaboni na mkia mrefu unaopenda kubaki kwenye oili. Molekuli hizo huizunguka kila chembe ya masizi na kuizuia isikutane na mwenzake. Chembe zinabaki zinaelea, moja moja, zikizunguka na oili bila madhara makubwa, hadi siku oili inapomwagwa na kutoka nazo. Oili inayofanya kazi hii vizuri lazima iwe nyeusi, kwa kuwa masizi yote yamo ndani yake, yametawanyika sawasawa. Oili ya dizeli inayobaki safi kwa muda mrefu ndiyo ya kutiliwa shaka: huenda masizi yameganda kwenye kuta za injini, chini ya ringi na kwenye njia za oili badala ya kubebwa.

Shida huanza kiambato hicho kinapoelemewa. Kila chembe mpya inachukua sehemu yake, na akiba iliyokuwa kwenye dumu haiongezeki. Siku inapokwisha, chembe zinazoingia hazina wa kuzitenga. Hushikana, zikawa minyororo na mabonge ya nanomita mia mbili, mia tatu, mia tano. Oili huanza kuwa nzito. Na hapo ndipo vyuma huanza kulika.

Wataalamu wengi huhesabu asilimia 3 ya uzito wa oili kuwa kiwango cha kuanza kuangalia kwa makini, ingawa oili bora za sasa hutengenezwa zibebe zaidi ya hapo. Asilimia 3 inasikika ndogo. Ila lori kubwa lenye lita 30 za oili limebeba karibu kilo 26 za oili hiyo, na asilimia 3 yake ni zaidi ya robo tatu ya kilo. Mtu achukue robo tatu ya kilo ya masizi makavu, ayaone yamerundikwa juu ya meza, ndipo ataelewa mzigo ambao injini inauzungusha kila sekunde.

Kwa nini masizi, ambayo kidoleni ni laini kama poda, yanaweza kula chuma kilichopikwa kikawa kigumu? Jibu limo kwenye unene wa utando wa oili. Kwenye beringi za krankishafti, injini ikiwa katika mwendo, oili hujenga tabaka la kutosha kuvitenga vyuma viwili, na masizi hupita katikati bila kuvigusa. Hali ni tofauti pale ambapo kamshafti inasukuma tapeti, au roka inapokanyaga valvu, au ringi inapofika juu kabisa na kusimama kabla ya kugeuka. Hapo mgandamizo ni mkubwa mno na utando hubaki na unene wa sehemu ndogo ya mikroni, mara nyingine chini ya nanomita 100. Bonge la masizi la nanomita 200 likiingia hapo ni kubwa kuliko nafasi iliyopo. Haliwezi kupita bila kukwangua.

Isitoshe, mahali kama hapo utando wa oili si kinga pekee. Tangu miaka ya 1940 oili za injini zimekuwa na kiambato cha zinki na fosforasi kiitwacho ZDDP. Joto na msuguano vikizidi, ZDDP hujenga juu ya chuma ngozi ngumu ya fosfeti, nyembamba sana, inayokubali kulika badala ya chuma. Ikilika hujengwa nyingine. Injini za dunia nzima zimeishi kwa ngozi hiyo kwa zaidi ya miaka 70.

Mwaka 1977 mtafiti wa General Motors, F. G. Rounds, alichapisha makala iliyouliza kama kaboni ndiyo chanzo cha kulika kwa injini za dizeli. Aligundua kwamba masizi yanapokuwamo, kinga ya ZDDP hudhoofika. Maelezo aliyoyatoa ni kwamba kaboni hunyonya kiambato hicho na kukizuia kisifike kwenye chuma. Miaka iliyofuata watafiti wengine walishikilia kwamba sababu kubwa ni kukwangua kwenyewe: masizi hufuta ngozi ya fosfeti kwa kasi kuliko inavyojengwa, na huacha chuma kikiwa kimesuguliwa mpaka kinang'aa. Fundi aliyewahi kufungua injini ya namna hii anaujua mng'aro huo. Kamshafti inaonekana nzuri, haina mikwaruzo, imesafishika; ukiipima, ncha zake zimepungua.

Miaka ya karibuni watafiti wa Uingereza, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Leeds, wametoa maelezo ya kushtua zaidi. Katika majaribio ya maabara, oili yenye masizi na ZDDP kwa pamoja inaweza kula chuma kuliko oili yenye masizi bila ZDDP. Kiambato kinachokuja kulinda huanza kwa kuungana kikemikali na uso wa chuma. Masizi yanaufuta muungano huo kabla haujakomaa. Kiambato kinaanza upya, kinachukua chuma kingine kidogo, nacho kinafutwa tena. Chuma kinakwisha kwa kutu na kukwanguliwa vikipokezana. Mjadala kati ya maelezo haya matatu ungali hai kwa sababu injini moja ina sehemu nyingi, na huenda kila sehemu ina namna yake ya kulika. Kwa mwenye lori, yote yanafika palepale: kuongeza ZDDP kwenye oili iliyochoka, kwa kununua vichupa vya kuongeza nguvu vinavyouzwa madukani, si tiba ya masizi.

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi ukubwa wa tatizo hili kilitokea Marekani, na kilianzia mahakamani. Oktoba 1998 serikali ya nchi hiyo ilifikia makubaliano na watengenezaji saba wa injini kubwa za dizeli, wakiwemo Caterpillar, Cummins, Detroit Diesel, Mack na Volvo. Walidaiwa kuweka kwenye kompyuta za injini maelekezo yaliyofanya lori lifaulu vipimo vya moshi, kisha likiwa safarini libadili wakati wa kurusha mafuta ili kuokoa dizeli, huku likimwaga oksidi za nitrojeni kupita kiwango. Walilipa faini ya dola milioni 83.4. Zaidi ya faini, walitakiwa kuwa na injini safi zaidi kufikia Oktoba 2002, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya tarehe iliyopangwa awali.

Njia iliyochukuliwa na wengi wao ilikuwa kuchukua sehemu ya moshi wa ekzosi, kuupoza, na kuurudisha ndani ya silinda. Huo ndio mfumo ambao mafundi wetu wanaujua kwa herufi tatu, EGR. Moshi uliorudishwa hauna oksijeni ya kutosha, kwa hiyo moto ndani ya silinda hupungua ukali, na oksidi za nitrojeni, ambazo huzaliwa kwenye joto kali, hupungua pia. Ila masizi nayo huhitaji joto na oksijeni ili yaungue. Yakikosa, hubaki. Kabla ya hapo wahandisi walikuwa wamekwisha kuchelewesha urushaji wa mafuta kwa sababu ileile, na hilo nalo lilikuwa limeongeza masizi kwenye oili. Hewa ya miji ya Marekani ilipata nafuu. Oili ya malori ilibeba gharama.

Ndiyo maana herufi zilizo kwenye dumu la oili zilibadilika haraka katika kipindi hicho. Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, huzipa oili za dizeli herufi C, ikifuatiwa na herufi inayopanda kadiri masharti yanavyokazwa. Daraja la CD ni la mwaka 1955. Daraja la CG-4, la katikati ya miaka ya 1990, lilikuwa na mtihani wa kubeba masizi ndani ya injini halisi ya Mack. CH-4 ya mwaka 1998 ilileta jaribio la Cummins M11, ambapo injini huendeshwa makusudi ijaze masizi kwenye oili, kisha vipande vidogo vya chuma vinavyokandamiza valvu mbili kwa pamoja hupimwa uzito kuona vimepungua kiasi gani. CI-4 ikaja mwaka 2002 kwa ajili ya injini za EGR. Haikutosha; miaka miwili baadaye ikaongezwa CI-4 Plus, yenye mtihani mkali zaidi wa masizi. CJ-4 ilifuata 2006 na CK-4 ikaingia sokoni Desemba 2016.

Wajapani nao walikuwa na kilio chao, na kilio hicho kinatuhusu moja kwa moja. Injini zao ndogo za malori zilikuwa na tapeti zinazoteleza juu ya kamshafti, wakati Wamarekani wengi walikuwa wamehamia kwenye tapeti zenye roli. Oili iliyofaulu mitihani ya Marekani ingeweza kuharibu kamshafti ya Kijapani. Wakaweka daraja lao, JASO DH-1, na kwa kupima kulika kwa kamshafti wakachagua injini ya Mitsubishi 4D34. Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala hahitaji kwenda Japani kuiona injini ya ukoo huo. Imo kwenye Fuso Canter zinazobeba nyanya, saruji, matofali na mizigo ya wanaohama nyumba. Mwenye Canter akiona maandishi DH-1 kwenye dumu, ajue kwamba kiwango hicho kiliwekwa kikiwa na gari kama lake akilini.

Barabara za Afrika Mashariki zina namna yake ya kutengeneza masizi. Njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma ina urefu wa zaidi ya kilomita 900, ikianzia usawa wa bahari, ikapanda mlima Kitonga, ikafika kwenye nyanda za Iringa, Njombe na Mbeya. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi, ambako hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hadi 20 ikilinganishwa na ya pwani. Injini isiyo na tabo inavuta hewa hiyo hafifu, ilhali pampu inaendelea kurusha mafuta kama bado iko pwani. Uwiano unavunjika, na moshi mweusi unaotoka ni sehemu tu ya masizi yaliyozalishwa. Mengine yameteremka kwenye oili.

Kisha upo mzigo uliozidi, na ipo tabia ya kumwambia fundi afungue pampu ili lori livute mlimani. Kufungua pampu ni kuongeza mafuta bila kuongeza hewa. Lori litavuta kweli, kwa kuwa mafuta mengi yanatoa nguvu zaidi kidogo, lakini kila mlima utakaopandwa utalipiwa na kamshafti na ringi. Filta ya hewa iliyojaa vumbi huleta matokeo yaleyale kwa njia nyingine, hewa kukosa kupita. Bomba la tabo lililopasuka hupoteza hewa kabla haijafika kwenye silinda. Nozeli iliyochoka, badala ya kunyunyiza ukungu, inadondosha matone makubwa ambayo hayaungui yakaisha. Katika mambo yote ya matunzo, hili la nozeli na filta ya hewa ndilo lenye faida kubwa kuliko gharama yake, na ndilo linaloahirishwa kuliko yote.

Foleni za mipakani ziongezwe kwenye hesabu. Lori linalosimama kwa saa nyingi huku likinguruma sailensa linachoma mafuta kwa joto dogo. Mafuta yasiyoungua hupenya hadi kwenye oili na kuifanya nyepesi, na masizi yanaingia bila kilomita hata moja kusoma kwenye dashibodi. Dereva anayehesabu kilomita peke yake ataona bado ana nafasi. Jenereta za hoteli na hospitali zinatufundisha hapa: hazina kilomita, zinahesabiwa saa. Lori la foleni linapaswa kuhesabiwa vivyo hivyo.

Jambo moja zuri limetokea upande wa mafuta. Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha pamoja cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Salfa ikiungua hutoa asidi, na zamani asidi hiyo ilikuwa sababu kubwa ya kumwaga oili mapema. Sasa nguvu yake imepungua sana. Lakini masizi hutokana na kaboni, na kaboni ndiyo dizeli yenyewe. Salfa ikiondoka, masizi yanabaki kuwa kitu cha kwanza cha kuangaliwa.

Kulika kukianza, huwa na mazao yake. Ringi na kuta za silinda zikisuguliwa, ile mistari iliyochorwa ukutani ili kushikilia oili hufutika. Gesi nyingi zaidi hupenya kuelekea chini, zikibeba masizi mengi zaidi, nayo yanasugua ringi zaidi. Oili iliyokuwa nzito huchelewa kufika juu kwenye roka asubuhi ya baridi pale Makambako au Limuru, na dakika hizo za mwanzo ndizo vyuma hukutana vikavu. Mabonge nayo yakizidi kukua hadi kuziba filta, valvu yake ya dharura hufunguka, na oili huzunguka bila kuchujwa kabisa, pamoja na vumbi na vipande vya chuma. Mwisho wa safari hiyo ni injini kushushwa.

Kujua mapema kunawezekana. Mwaka 1946 shirika la reli la Denver and Rio Grande, Marekani, lilianza kupima oili ya vichwa vyake vya treni maabarani ili kugundua ubovu kabla haujajitokeza, na njia hiyo imeenea hadi migodini na kwenye makampuni makubwa ya usafirishaji. Sampuli ndogo ya oili husomwa kama barua: chuma kikizidi, silinda au kamshafti inalika, risasi na shaba huelekeza kwenye beringi, kromu mara nyingi kwenye ringi, silikoni husema vumbi limepita kwenye filta ya hewa. Masizi yenyewe hupimwa kwa mwanga wa infraredi. Mwenye malori matano ambaye hajawahi kupeleka sampuli hata moja anaendesha biashara yake gizani, na gharama ya kipimo ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya kamshafti, sembuse injini nzima.

Asiye na maabara karibu ana karatasi. Oili ikiwa bado ya moto, tone moja la kwenye stiki hudondoshwa juu ya karatasi inayonyonya, ile ya filta ya kahawa ikipatikana ni nzuri zaidi, kisha huachwa lilale kwa saa kadhaa. Oili ambayo bado inaweza kutawanya masizi hutandaza doa la kijivu linalofifia polepole kuelekea nje. Ambayo imeelemewa huacha doa jeusi zito katikati, lenye ukingo mkali, na pete ya oili tupu pembeni: masizi yamekataa kusafiri na oili yake. Doa la namna hiyo ni amri ya kumwaga, hata kama kilomita hazijafika. Kipimo hiki hakitoi asilimia, lakini kinajibu swali lenyewe ambalo rangi ya kwenye stiki haiwezi kulijibu.

Kuongezea oili mpya juu ya iliyochoka, desturi iliyoenea, huleta kiambato kidogo kipya bila kutoa hata gramu moja ya masizi. Oili imwagwe injini ikiwa ya moto, masizi yakiwa bado yanaelea, na filta ibadilishwe siku hiyohiyo. Baadhi ya malori, Scania yakiwa mfano unaojulikana, yana chombo kinachozungusha oili kwa kasi kubwa ili masizi yarushwe pembeni na kuganda ukutani kwake. Kwenye magari hayo unene wa ganda linalokutwa humo wakati wa sevisi ni taarifa ya bure, na fundi anayelikwangua na kulitupa bila kulitazama amepoteza taarifa hiyo.

Neno kuhusu mikono ya fundi. Mwaka 1775 daktari wa London, Percivall Pott, aliandika kwamba wasafisha dohani walikuwa wakipata saratani kwa sababu ya masizi yaliyokaa kwenye ngozi zao. Moshi wa dizeli umewekwa na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, tangu Juni 2012, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Oili iliyotumika imebeba masizi na mabaki ya moto huohuo. Vijana wa gereji huiogea hadi viwikoni, na wapo wanaoipaka mbao ili kuzuia mchwa kwa mikono mitupu. Glavu na sabuni si anasa kwa kazi hiyo. Mwenye gereji anayewalipa vijana wake ana wajibu wa kuwanunulia.

Wenye magari madogo ya petroli wasidhani hili haliwagusi. Injini mpya zinazorusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda zimeanza kutengeneza masizi kama dizeli, na mnyororo wa taimingi ndio unaolika. Ndiyo sababu daraja la API SP, lililoanza Mei 2020, lina mtihani wa kulika kwa mnyororo huo.

Anayekwenda dukani kununua oili ya lori asome nyuma ya dumu kabla ya kuuliza bei. Oili za CD na CF bado zimo kwenye rafu zetu, na kwa injini ya zamani isiyo na tabo wala EGR zinaweza kuwa zinakubalika. Kwa lori lenye mfumo wa EGR, aanzie CI-4 kwenda juu, na likiwa na kichujio cha moshi kwenye ekzosi afuate daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, maana kichujio hicho huzibwa na majivu ya oili isiyolingana nacho. Kisha afungue daftari, aandike tarehe, kilomita na saa za injini siku ya kumwaga oili, abandike humo na karatasi yenye tone la oili iliyotoka.